Eti Demokrasia Hailiwi?



Kuna kauli moja inayozunguka kwetu kama bodaboda isiyo na abiria: "Demokrasia hailiwi." Utaisikia stendini, utaisikia sokoni Bugembe, na siku hizi utaisikia hata katika midahalo ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, vijana ambao karibuni watapata haki ya kupiga kura. Anayeitamka huwa hakomei hapo. Huongeza kwamba nchi maskini haihitaji mabunge wala magazeti, inahitaji mtu mmoja mkali asiyebishiwa. Kwamba zamani za Idi Amin watu walikuwa na adabu, na maduka yalikuwa mikononi mwa Waafrika. Mara nyingi msemaji huyo alizaliwa baada ya mwaka 2000.

Nataka kuijibu kauli hiyo leo, na kwa kuwa yenyewe inazungumzia kula, nitaijibu kwa sukari.

Simama kando ya barabara kuu hapa Bugembe uangalie upande wa mashariki. Magari na matrekta yaliyosheheni miwa yanaelekea Kakira, mwendo wa kilomita chache tu. Kiwanda kile kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Mwaka 1968 Uganda ilizalisha tani 152,000 za sukari, na sehemu kubwa ilitoka Kakira hapa na Lugazi kule njia ya Kampala. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uzalishaji huo ulikuwa karibu kufa kabisa. Fikiri maana yake. Udongo ulikuwa uleule, mvua ya Nyanza ileile, miwa haikusahau namna ya kuota. Lakini mtu anayeishi jirani na mashamba ya miwa alipanga foleni tangu alfajiri akitafuta nusu kilo ya sukari, na mara nyingi alirudi nyumbani na mfuko mtupu. Chumvi na sabuni zilikuwa na hadithi hiyohiyo.

Hali hiyo haikuletwa na ukame wala nzige. Iliundwa na utawala, hatua kwa hatua, na hatua zake zinajulikana.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Tuwe wa haki: umati ulishangilia Kampala, kwa sababu Obote naye alikuwa amekwisha kuikanyaga katiba na kuwafunga wapinzani. Mwezi Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Manubhai Madhvani, mtoto wa yule mwanzilishi wa Kakira, alitiwa katika jela ya kijeshi ya Makindye kabla ya kuondoka. Viwanda vikubwa vikawekwa chini ya serikali. Maduka kwa maelfu yakagawiwa, na waliotangulia katika mgao walikuwa wanajeshi na marafiki wa wanajeshi. Huo ndio "Uafrika" wa maduka tunaoimbiwa. Mkulima wa Luuka au Kamuli hakupewa duka. Aliyepewa alikuwa na bunduki kiunoni au binamu mwenye bunduki.

Wananchi wakawapa matajiri hao wapya jina: mafuta mingi. Wewe unayejifunza Kiswahili utaniambia mara moja kwamba jina hilo lina kasoro, kwa kuwa mafuta ni ya ngeli ya ya- na tunasema mafuta mengi. Umesema kweli, nami ningekupa alama zako. Lakini usilisahihishe jina hili katika insha ya historia. Liache na kasoro yake, maana ndivyo lilivyotoka kinywani mwa watu waliokuwa wakimtazama mtu akinona huku wao wakikonda.

Sasa kiwanda cha sukari kina vinu, mabomba, matangi na treni ndogo za miwa. Kipuri kikivunjika, sharti kiagizwe nje, na ili kiagizwe sharti ziwepo fedha za kigeni, na ili ziwepo sharti kahawa na pamba ziuzwe kwa njia halali na mkulima alipwe bei ya kumtia moyo. Mnyororo huu wote ulikatika. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu wengi huishia kusema kwamba Amin hakujua uchumi. Watawala wengi hawajui uchumi. Tofauti iko katika swali hili: mambo yanapoharibika, ni nani anaruhusiwa kusema kwamba yameharibika?

Mchukue fundi mmoja wa kinu, mtu wa kawaida. Anaona kwamba boila itapasuka mwezi ujao. Anaona pia kwamba sukari inayotoka usiku haiandikwi vitabuni. Aende kwa nani? Bunge halikuwepo, nchi ilitawaliwa kwa amri. Aende mahakamani? Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyepata kuwa waziri mkuu, alikamatwa na askari ndani ya Mahakama Kuu mwezi Septemba 1972, akauawa. Aandike gazetini? Gazeti la serikali lilikuwa Voice of Uganda, na kazi yake ilikuwa kumsifu mwenye nchi. Padri Clement Kiggundu, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Munno, alikutwa amekufa ndani ya gari lililoteketea katika msitu wa Namanve mwezi Januari 1973. Amweleze askofu, basi? Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kwa hiyo fundi wetu ananyamaza, boila inapasuka, na wewe unakunywa chai ya chumvi, ikiwa chumvi yenyewe imepatikana.

Ndiyo maana nakataa kata kata kugawanya mambo haya mafungu mawili, eti kuna siasa huku na maisha kule, uhuru wa magazeti huku na bei ya sabuni kule. Mauaji ya mhariri na kutoweka kwa sukari ni habari moja.

Udikteta nao ulijaribu kuitibu njaa yake kwa dawa pekee uliyoijua. Mwaka 1975 ilitolewa amri ya kuunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, iliyoendeshwa kijeshi, yenye mamlaka ya kumhukumu mtu kifo kwa kuficha bidhaa, kupandisha bei au kufanya magendo. Huo ndio ukali unaotamaniwa na wale wanaosema tunahitaji mtu mkali! Je, sukari ilirudi madukani? Haikurudi. Hukumu ya kifo haitengenezi boila. Mwenye duka dogo aliyeogopa kushtakiwa alifunga duka, na magendo yakaendelea, kwa kuwa wenye magari na vibali vya kuyaendesha walikuwa wale wale wenye sare.

Jirani zetu wa upande wa Mbale wana ushahidi wao. Mwaka 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda. Kahawa ya milima ya Bugisu ni miongoni mwa kahawa bora za Afrika. Ingekuwa neema ya nchi nzima: barabara, vipuri, dawa za hospitali. Lakini mkulima aliyeipeleka chamani alilipwa kidogo, kwa kuchelewa, kwa shilingi zisizonunua kitu. Kwa hiyo kahawa ilivuka mpaka usiku, vichwani mwa watu na migongoni mwa punda, hadi soko la Chepkube upande wa Kenya. Watu walitajirika Chepkube. Simlaumu mkulima yule hata chembe. Alikuwa na watoto, na serikali yake ilikuwa imemwachia njia moja tu ya kuwalisha.

Nao utengano? Waingereza walivunja uhusiano na Uganda mwaka 1976, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikasambaratika mwaka 1977, na mwaka 1978 Marekani ikapiga marufuku kahawa yetu. Lakini usidhani kwamba nchi inapotengwa, wote hutengwa sawasawa. Katika miaka hiyohiyo ndege za mizigo zilikuwa zikiruka kati ya Entebbe na uwanja wa Stansted nchini Uingereza. Zilirudi na chupa za whisky, redio na nguo kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Milango iliyofungwa ilikuwa ya mama muuza nyanya. Ya jenerali ilibaki wazi.

Watetezi wa Amin watanikumbusha shirika la ndege la Uganda Airlines la mwaka 1976, na mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala mwaka 1975. Nakubali, vilikuwepo. Lakini nikuelekeze kwa shahidi wa huku kwetu Busoga, hayati Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin hadi alipokimbia mwaka 1977 na kuandika kitabu kiitwacho A State of Blood. Yeye ameandika juu ya maiti zilizokuwa zikiopolewa katika maji ya Nili penye bwawa la Owen Falls, bwawa lile lile linalotupatia umeme wa kusomea. Makadirio mengi ya waliouawa katika miaka ile minane hufika watu 300,000. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, ndege na mikutano uiweke wapi kwenye mizani?

Nina dai langu la ziada kama mwalimu wa Kiswahili, nalo linaniuma. Mwaka 1973 Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Je, alitufanyia hisani? Hakuacha walimu, hakuacha vitabu, hakukiingiza madarasani. Kiswahili kilichowafikia watu wengi kilikuwa cha askari kwenye kizuizi cha barabarani: leta kitambulisho, leta pesa, lala chini. Mpaka leo wapo wazazi wanaokunja uso mtoto anaporudi nyumbani akisema "shikamoo", kwa sababu masikio yao yanasikia buti. Ilibidi kungoja marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ili Kiswahili kitajwe kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoagiza kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Lugha iliyoamrishwa siku moja imetugharimu karibu miaka hamsini ya kuisafisha.

Sasa twende Botswana, maana kulinganisha ni lazima kuwe na pande mbili. Sichagui Ulaya, kwa sababu ungeniambia kwamba Wazungu walianza zamani. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966, miaka minne baada yetu. Haina bahari kama sisi tusivyo na bahari, na sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari. Siku ya uhuru ilikuwa na kilomita 12 hivi za lami na wahitimu wa chuo kikuu 22. Sisi wakati huo tulikuwa na Makerere, bwawa la Owen Falls, viwanda vya Jinja, kahawa, pamba na ziwa. Kama ungeombwa mwaka ule kubashiri nani atamtangulia mwenzake, ungeicheka Botswana. Leo Benki ya Dunia inaiweka katika kundi la nchi za kipato cha kati cha juu.

"Wao wana almasi," utasema. Kweli. Mgodi wa Orapa ulianza kuzalisha mwaka 1971, mwaka uleule Amin alipotwaa madaraka. Lakini Zaire ya Mobutu nayo ilikuwa na almasi, na Sierra Leone pia, na waulize wananchi wao waliziona wapi. Nasi tulikuwa na almasi yetu nyeusi, ile kahawa ya miaka ya 1976 na 1977, nayo ilipitia Chepkube. Cha kutazama ni kwamba Orapa imo katika nchi ya ukoo wa rais mwenyewe, Seretse Khama, na bado aliridhia sheria ya mwaka 1967 iliyoweka madini yote mikononi mwa taifa. Baadaye fedha hizo zilikaguliwa na bunge lenye wapinzani, kwa uchaguzi uliofanyika kila miaka mitano bila kukosa.

Ukame uliipiga nchi ile mfululizo kuanzia mwaka 1982 hadi 1987. Mahindi na mtama vilikauka, ng'ombe walikufa kwa wingi, lakini watu hawakufa kwa njaa, kwa sababu serikali iligawa chakula shuleni na zahanatini na kuwalipa wanavijiji kwa kazi za umma. Mwanauchumi Amartya Sen ameeleza sababu: mtawala anayengoja kura na anayesomwa na magazeti hawezi kuiacha njaa iue watu kimyakimya. Sisi mwaka 1980 tulizika maelfu kwa maelfu Karamoja, wengi wao watoto wachanga. Amin alikuwa amekwisha kukimbia, ni kweli. Lakini bunduki zilizoporwa katika kambi ya Moroto, maghala matupu na serikali isiyo na gari la kupelekea chakula vilikuwa urithi wake.

Siipaki Botswana rangi. Ukosefu wa ajira kwa vijana ni mkubwa, pengo kati ya tajiri na maskini linatisha, na serikali yake iliwahamisha Wabasarwa kutoka katika ardhi ya mababu zao ndani ya hifadhi ya Kalahari ya Kati. Hiyo ilikuwa dhuluma. Lakini Wabasarwa wale walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Desemba 2006 majaji wakaamua kwamba waliondolewa isivyo halali. Walioishtaki serikali walikuwa wawindaji na wachumaji wasio na mali, na jaji aliyewapa haki alirudi nyumbani akala chakula chake cha jioni. Mkumbuke Kiwanuka hapo.

Na uchungu wa ajira ulipozidi, wananchi walikwenda kupiga kura mwezi Oktoba 2024 wakakiondoa chama kilichotawala kwa miaka 58. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa kabla hesabu haijakamilika, na Duma Boko akaapishwa tarehe 1 Novemba. Hakuna daraja lililovunjwa. Sisi ili tumwondoe mtawala mmoja tulihitaji jeshi zima la Tanzania, vifaru, mizinga na miezi ya vita. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Jinja tarehe 22. Uporaji uliofuata ulimaliza hata milango ya maduka.

Usifikiri haya ni mambo ya vitabu vya kale. Eritrea, katika upembe wa Afrika hii hii, haijafanya uchaguzi wa kitaifa tangu ipate uhuru mwaka 1993. Katiba yake iliyopitishwa mwaka 1997 haijawahi kutumika, na magazeti binafsi yalifungwa yote mwezi Septemba 2001. Wanafunzi wa huko humalizia mwaka wa mwisho wa sekondari katika kambi ya kijeshi ya Sawa, kisha huingia katika utumishi wa taifa ambao kisheria ni miezi 18 na kwa vitendo hauna mwisho. Vijana wa rika lako. Wengi wamekimbia, na baadhi yao utawakuta Kampala.

Je, nasema kwamba Uganda ya leo imefika? Sisemi hivyo. Mwezi Januari 2021, katika mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nchi inayojiamini haiogopi simu za raia wake. Wala lawama si ya wakubwa peke yao. Kila kampeni zinapofika, wagombea hupita vijijini na chumvi, sabuni na sukari, zile bidhaa hasa ambazo jajja zetu walizipangia foleni, na sisi huzipokea kwa vigelegele. Piga hesabu, hata kama hupendi somo hilo. Kilo moja ya sukari ukiigawanya kwa siku za miaka mitano hupati zaidi ya nusu gramu na ushei kwa siku. Kijiko cha chai hubeba gramu nne hivi.

Kazi ya wiki hii: mtafute mzee wa Bugembe, Wairaka, Kakira au kwenu Mbale aliyekuwa mtu mzima mwaka 1977. Msalimie kwa heshima, kisha mwulize walinunua wapi sukari, kwa kibali cha nani, na walisema nini kwa sauti na nini kwa kunong'ona. Andika majibu yake kwa Kiswahili, kurasa mbili, na akisema "mafuta mingi", andika "mafuta mingi".